Likizo ya Skii katika Milima ya Alps Theluji Inapokuwa Haba

Mtu aishiye Ulaya ya kati, akitaka kwenda na jamaa zake kuteleza kwa skii katika milima ya Alps wakati wa kipupwe, aghalabu hulazimika kutafuta nyumba tangu mwezi wa Septemba au Oktoba, majani yangali mabichi mabondeni, na kulipa arbuni ya kitu ambacho hakijashuka bado kutoka mbinguni. Zamani muamala huo ulikuwa na hatari ndogo, kwa kuwa theluji ilikuja kwa wakati wake na ikakosekana kwa nadra. Siku hizi hatari imekua, na maswali yamekuwa mengi kuliko majibu. Yafaa basi suala hili lipimwe pande zake zote: asili ya uhaba wenyewe, faida na kasoro za vituo vya juu, kazi ya mashine za theluji, uteuzi wa majira, masharti ya mikataba, na hali ya wasafiri. Nami naitoa hukumu yangu tangu mwanzo, ili msomaji aipime njiani: wengi hupata hasara kwa sababu huchagua mapema mno, ilhali uhaba wa theluji una namna mbili zisizofanana, kila namna ina dawa yake, na hakuna ajuaye ni ipi itakayokuja mpaka msimu umeshabisha hodi.

Uhaba huu si jambo la jana wala juzi. Michezo ya Olimpiki ya kipupwe ilipofanyika Innsbruck, Austria, mwaka 1964, milima ya jirani ilikuwa mikavu hata ikabidi askari wa jeshi la nchi ile wachonge matofali ya barafu 20,000 huko juu na kuyateremsha ili kujengea njia za magari ya barafu, kisha wabebe theluji kiasi cha mita za ujazo 40,000 hadi kwenye miteremko ya mashindano, na mvua iliponyesha siku chache kabla ya ufunguzi wakaishindilia tena theluji ile kwa mikono na miguu. Baadaye vikafuatana vipupwe vitatu vibaya, tangu kile cha 1987/88 hadi cha 1989/90, na kile cha 2006/07 kikawa cha joto lisilo na kifani kwa watu wa wakati ule. Siku ya mwaka mpya wa 2023, katika mji wa Delémont kaskazini magharibi mwa Uswisi, kipimajoto kilipita nyuzi 20, na karibu na siku hizo helikopta ilionekana katika eneo la Gstaad ikibeba theluji ili kuunganisha njia mbili za kutelezea zilizokuwa zimetenganishwa na majani matupu.

Yaliyokuwa ajali ya mwaka mmoja sasa yanaelekea kuwa desturi, na wajuzi wameyatia katika hesabu. Ripoti ya shirika la OECD ya mwaka 2007 ilivipima vituo 666 vya Alps kwa kanuni ya kwamba kituo ni cha kutegemewa kikiwa na theluji ya asili ya kina cha sentimita 30 kwa siku zisizopungua 100 katika msimu, ikaona kwamba 609 kati yake vilitimiza sharti hilo. Ikakadiria kwamba kila nyuzijoto moja inayoongezeka huusukuma mpaka wa theluji juu kwa kiasi cha mita 150, na kwamba joto likizidi kwa nyuzi mbili vituo vya kutegemewa vitabaki 404, na likizidi kwa nne vitabaki 202 tu. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu vituo 2,234 vya Ulaya nzima, ulionyesha kwamba dunia ikifikia ongezeko la nyuzi mbili, zaidi ya nusu ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji, kama havitajitengenezea yao. Hesabu hizi zina manufaa kwa anayetaka kujenga hoteli au kununua nyumba. Mwenye likizo, walakini, ana siku saba tu, na wastani wa miaka thelathini haumwambii lolote kuhusu juma lake. Inampasa aelewe kwanza theluji hukosekana vipi.

Namna ya kwanza ya uhaba ni ukavu wa baridi. Hewa nzito hutua juu ya Ulaya kwa majuma kadhaa, mawingu yakatoweka, mchana ukawa wa jua na usiku wa baridi kali, wala chembe ya theluji isianguke. Katika hali hiyo hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kulala mabondeni, hata ikatokea kwamba kijijini maji yameganda ilhali huko juu, mita elfu moja zaidi, watu wanavua makoti. Namna ya pili ni joto la mvua: pepo za maghribi na kusini magharibi huleta kutoka bahari ya Atlantiki mawingu mengi yenye uvuguvugu, mvua ikanyesha hadi kwenye kimo cha mita 2,000 na kuiosha theluji iliyokuwapo, ilhali juu ya kimo hicho theluji inaanguka kwa wingi. Gazeti huandika kichwa kimoja cha habari kwa misimu yote miwili, kwamba Alps hazina theluji. Lakini aliyekimbilia mlima mrefu katika mwaka wa ukavu hukuta mawe, na aliyetegemea mashine katika mwaka wa mvua hukuta matope.

Tuanze na dawa ya ukavu, ambayo ni mizinga ya theluji. Mzinga huyarusha maji hewani yakiwa yamepasuliwa kuwa matone madogo mno, nayo huganda kabla ya kufika chini. Kazi hiyo huanza kuwezekana hewa ikishuka hadi kama nyuzi mbili chini ya sufuri, na hewa ikiwa kavu sana huwezekana hata karibu na sufuri yenyewe, kwa sababu tone likivukizwa kidogo hupoteza joto na kupoa. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa theluji kama mita mbili au mbili na nusu. Kwa hiyo usiku wa ukavu wa baridi, ambao mtalii huulaani kwa kutokuwa na wingu, kwa fundi wa mizinga ndio usiku wa kazi. Walioendelea mno katika ufundi huu ni Waitalia, ambao wana mashine katika sehemu kubwa sana ya njia zao zote, na hasa katika milima ya Dolomiti, ambako tiketi moja huhusu njia za kilomita 1,200, na karibu zote zinaweza kunyunyiziwa. Wafaransa, kwa kutegemea urefu wa milima yao, wameweka mashine katika sehemu iliyo chini ya nusu. Yamkini basi, katika Desemba kavu, yule aliyekwenda Dolomiti akawa anateleza siku nzima juu ya utepe mweupe uliopita katikati ya malisho ya rangi ya kahawia. Mandhari hayapendezi sana, na theluji ya mashine ni ngumu chini ya mguu kuliko ile ya asili, lakini likizo imesalimika.

Dawa ya joto la mvua ni kimo, na hapo ndipo majina yanayotajwa sana yanapostahiki sifa zao. Val Thorens nchini Ufaransa imejengwa kwenye mita 2,300. Tignes iko kwenye mita 2,100, na lifti zake hufika kwenye barafuto ya Grande Motte. Cervinia ya Italia iko kwenye mita 2,050, na imeunganishwa na Zermatt ya Uswisi, ambayo kijiji chake kiko kwenye mita 1,600 lakini gari lake la kamba hupanda hadi mita 3,883. Obergurgl ya Austria iko juu ya mita 1,900. Vilinganishe hivyo na Morzine iliyo kwenye mita 1,000 au Kitzbühel iliyo kwenye mita 760, utaona kwa nini mvua moja ya Januari huweza kuwa neema kwa wa juu na msiba kwa wa chini. Anayechagua kwa kigezo hiki na asidanganywe na kimo cha kilele peke yake, kwa kuwa kila kituo hutangaza kilele chake. Aulize njia nyingi ziko kwenye kimo gani, na kama njia ya kurudi kijijini ikiwa haina theluji liko gari la kamba la kumteremsha, au itambidi apange foleni ya basi pamoja na watoto waliochoka.

Urefu nao una gharama yake, ambayo wenye kuutangaza huinyamazia. Vituo vya juu viko juu ya mpaka wa miti, na dhoruba inapokuja upepo huzifunga lifti. Hata zisipofungwa, mwanga huwa mweupe pande zote, ardhi na mbingu zikawa kitu kimoja, na mtu mahiri akashindwa kutambua tuta lililo hatua tatu mbele yake, ilhali katika vituo vya chini miti ya misonobari humwonyesha njia. Bei huko ni kubwa, na katika msimu mbaya hupanda zaidi, kwa kuwa wateja wa vituo vilivyofungwa huhamia huko wote kwa pamoja. Barafuto zenyewe, zilizodhaniwa kuwa akiba isiyokwisha, zinapungua: zile za Uswisi zilipoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Hintertux ya Austria ingali ikifungua njia zake mwaka mzima, lakini kujenga tadbiri ya miaka ishirini ijayo juu ya barafu kama hiyo kwahitaji moyo mkuu.

Tena kimo hakisemi yote, maana ardhi iliyo chini ya theluji ina neno lake. Mteremko wa malisho, uliolainishwa na kwato na mundu kwa karne nyingi, hutelezeka kwa theluji ya sentimita ishirini au thelathini. Mteremko wa majabali huhitaji mita nzima na zaidi kabla mawe hayajaacha kukwaruza mbao. Hii ni siri mojawapo ya Kitzbühel kuendelea kuishi licha ya udogo wa kimo chake. Kadhalika upande wa mlima: mteremko unaoelekea kaskazini huhifadhi theluji yake kwa majuma baada ya ule unaoelekea kusini kuwa majani, hasa mwezi wa Machi jua linapopanda. Ramani ya kituo ikisomwa kwa dira mkononi hufundisha mambo ambayo matangazo hayafundishi.

Lililo muhimu kuliko hayo ni kwamba Alps hazina hali moja ya hewa. Safu hii, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 1,200, husimama katikati ya Ulaya kama ukuta, na kila upepo huumwagia upande mmoja na kuunyima wa pili. Pepo za kaskazini magharibi huijaza theluji Austria ya kaskazini, na Arlberg zaidi ya kwingine, ambako kijiji cha Warth kina sifa ya kupata theluji nyingi kuliko karibu wote. Wakati huohuo upande wa Italia huwa mkavu wenye jua. Tufani inayozaliwa katika ghuba ya Genova hufanya kinyume chake: huilemea Dolomiti na kusini ya Uswisi, ilhali kaskazini huvuma Föhn, upepo mkavu wa joto uteremkao milimani na kula theluji usiku mmoja. Piedmont ya Italia na vijiji vya mpakani mwa Ufaransa navyo hupata theluji yao kutoka mashariki, siku ambazo jirani zao wa magharibi hawapati kitu. Kwa hiyo ni nadra sana pande zote kukosa kwa pamoja, na mwenye hiari ya kuhama hana sababu kubwa ya kuogopa. Wako wanaoweka makao yao mjini, mathalani Innsbruck au Brig ya Uswisi, ambako vitanda ni rahisi na treni na mabasi huelekea mabonde mengi, wakaamua kila usiku waelekee wapi kesho yake. Hupoteza saa moja njiani kila asubuhi, wakapata badala yake uhuru ambao mwenye nyumba ya juma zima mlimani hana.

Majira nayo yana hoja zake. Krismasi ndiyo bahati nasibu kubwa kuliko zote, kwa kuwa msimu ungali mchanga na bei iko kileleni. Januari aghalabu ina baridi na bei nafuu, ila mchana ni mfupi. Februari ni ya likizo za shule za mataifa kadhaa kwa zamu, na foleni hulingana na zamu hizo. Machi, ambayo watu wa tambarare huidhania kuwa mwisho wa msimu, ndipo inapoanzia miezi ya kina kikubwa cha theluji huko juu ya mita 2,000, na kina hicho aghalabu huendelea hadi Aprili. Asiyefungwa na shule, na anayeweza kungoja, basi na angoje Machi, aende juu. Aliyefungwa na shule hana hiari ya tarehe, na kwa sababu hiyo ndiye anayehitaji zaidi hiari ya mahali.

Kungoja kuna maana kwa yule tu ajuaye kusoma habari za theluji. Tuseme tangazo la kituo lasema: chini sentimita 15, juu sentimita 120, lifti 31 zimefunguliwa kati ya 58. Nambari ya pili, inayoandikwa kwa herufi kubwa, hupimwa mahali palipochaguliwa na mwenye kupima, nayo ina faida ndogo; ya kwanza yaeleza kama utateleza hadi mlangoni; na ya tatu ndiyo shahidi mwaminifu, kwa kuwa lifti iliyofungwa haifichiki. Wanauchumi wawili wa Marekani, Zinman na Zitzewitz, walipolinganisha taarifa za vituo, vingi vikiwa vya Amerika Kaskazini, na vipimo vya hali ya hewa, waligundua kwamba vituo vilitangaza theluji mpya zaidi kwa kiasi cha asilimia 23 siku za mwisho wa juma, siku ambazo wateja hufika, ingawa mbingu hazijui Jumamosi wala Jumapili. Kamera za milimani, zinazoonyesha mteremko wenyewe saa ileile, humsaidia msomaji kuugundua ujanja huo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tukija kwenye mikataba, hadhari iliyo kubwa ni kukumbuka kila mmoja ameahidi nini. Mwenye nyumba ameahidi kitanda na jiko, hakuahidi theluji. Arbuni yake haitarudi kwa sababu ya majani mabichi, isipokuwa sharti hilo limeandikwa. Bima nyingi, hasa za Uingereza, zina kifungu kinachohusu kufungwa kwa njia za skii, lakini ukikisoma utakuta mipaka ya tarehe, ya kimo cha kituo, na ya idadi ya lifti zilizosimama, kisha fidia ya siku moja isiyotosha hata chakula cha mchana huko juu. Vituo kadhaa vya Uswisi sasa vinauza tiketi kwa bei inayopanda na kushuka, rahisi kwa anayenunua mapema. Punguzo hilo ni halali, ila na ieleweke kwamba anayelipokea amekubali kubeba hatari iliyokuwa ya muuzaji. Mimi naona ni heri kulipa zaidi kidogo kwa nyumba inayokubali kufutwa hadi siku chache kabla ya safari, na kukodi mbao huko huko, kuliko kuweka akiba ya fedha kidogo na kuzitia mbao zako mpya kwenye mawe.

Sasa tuwatazame wasafiri wenyewe, maana uhaba hauwagusi sawasawa. Anayejifunza, ambaye mtu angemdhania kuwa wa kwanza kupata hasara, ndiye anayepungukiwa kidogo kuliko wote: haja yake ni mita mia chache za mteremko laini uliosawazishwa vizuri pamoja na mwalimu mwenye subira, na hizo hupatikana hata katika mwaka mbaya. Wako Waswahili wenzetu waliohamia Zürich, Munich na Vienna, ambao watoto wao hupelekwa skii pamoja na wenzao wa shule, na wazazi wakaamua kujifunza ukubwani ili wasiachwe nyuma. Hao wasiogope msimu mkavu. Na wanaodhani mchezo huu haujatugusa wamkumbuke Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, ambaye aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Mtelezaji wa kati, anayependa kwenda mbali kutoka bonde hadi bonde, hupungukiwa zaidi, kwa kuwa njia za kuunganisha ndizo hufungwa kwanza, na zile chache zinazobaki hujaa watu wa viwango vyote, mgongano ukawa rahisi. Bingwa apendaye theluji isiyokanyagwa, nje ya njia, ndiye mwenye hatari kubwa, na hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume: theluji haba si salama kuliko nyingi. Tabaka jembamba likikaa siku nyingi chini ya anga la baridi, chembe zake za chini hugeuka kuwa punje kubwa zisizoshikamana, na theluji mpya ikianguka juu yake hukaa kama juu ya mchanga, ikingoja uzito wa mtu mmoja ili iporomoke. Taasisi ya utafiti wa theluji ya SLF iliyoko Davos hutoa taarifa za hatari hiyo kwa Uswisi kila siku msimuni kwa ngazi tano, na asiyeisoma asitoke nje ya njia.

Yabaki dawa ya mwisho, ambayo wapenzi wa mchezo huidharau: kuchagua mahali pasipotegemea mchezo peke yake. Leukerbad ya Uswisi ina maji ya moto. Treni ya Gornergrat, iliyofunguliwa mwaka 1898, humpandisha mtu hadi mita 3,089 mbele ya mlima wa Matterhorn. Chamonix ya Ufaransa, iliyoandaa Olimpiki ya kwanza ya kipupwe mwaka 1924, ina gari la kamba la Aiguille du Midi lifikalo mita 3,777, na barafuto ya Mer de Glace, ambayo imeshuka hata wageni wakaja kulazimika kuteremka ngazi zaidi ya 500 kuifikia. Ila tuzingatie kwamba vituo vilivyo salama zaidi kwa theluji, vile vilivyojengwa juu kwa ajili ya skii tu, ndivyo vilivyo maskini zaidi siku lifti zinaposimama kwa upepo. Na miji ya kale mabondeni, iliyo dhaifu kwa theluji, ndiyo yenye masoko, makanisa, mabafu na maisha. Hakuna mahali penye vyote viwili kwa ukamilifu, na anayeuziwa mahali kama hapo ajue kuna kilichofichwa.

Alhasili, mpangilio wa busara ni huu. Kwanza mtu ajiulize ni nani anayekwenda naye, na kama tarehe zake zimefungwa au ziko huru. Zikiwa huru, asilipe chochote kisichorudishwa kabla ya kuona msimu unavyoanza: mwezi wa Desemba ukiwa mkavu wa baridi, atazame penye mizinga na malisho laini, ukiwa wa joto na mvua, atazame juu ya mita 2,000, na upande wa safu unaopokea upepo wa wakati ule. Zikiwa zimefungwa, anunue uhuru wa mahali kwa kukaa mjini penye treni, au, akitaka kukaa mlimani, achague kituo cha juu na kukubali gharama yake yote pamoja na siku mbili za upepo. Anayejifunza aende popote. Kwa aliyejipangia hivi, mwaka mbaya utampunguzia kilomita za kuteleza, lakini hautamnyang'anya fedha wala juma lake. Na kwa vile miaka ya namna hiyo itazidi, anayejizoeza leo kuamua kwa kuchelewa ndiye atakayekuwa bado anakwenda Alps wakati wenzake wameshakata tamaa.